Maumivu Yameanza Lini

Asubuhi ile pale Segerea tulikuwa tunachambua mchele, mimi na wifi yangu Tunu, mke wa kaka yangu Farhan. Mimba yake ilikuwa ya miezi minane. Tulikuwa tunacheka. Mara akashika ubavu wa kulia, akasema panachoma.

Mama akasema ni chango, tena la kutupiwa na jirani yetu, Bi Hija. Mizizi niliichemsha mimi. Nilimnywesha Tunu siku tatu, Farhan akiwa safarini. Alipoanza kutapika kijani ndipo tukampeleka hospitali.

Daktari Isack alimbonyeza ubavuni, Tunu akaruka.

"Maumivu yameanza lini?"

Tunu hakuwa na sauti. Alinitazama. Nami niliogopa kufokewa, maana manesi huwasema sana wanaochelewa na wanaokunywa miti shamba. Nikajibu, "Leo asubuhi, daktari."

"Kanywa dawa yoyote ya kienyeji?"

"Hapana."

Akaandika kwenye kadi ya kliniki. Akasema kama ni leo tu, wamwangalie kwanza, mjamzito hapasuliwi kwa kubahatisha. Tunu akanivuta kanga. "Wifi," akanong'ona. "Mwambie." Nikamwambia apumzike.

Saa tisa mchana wakamkimbiza kumpasua. Kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka, usaha umejaa. Mimba ilikuwa imekisukuma juu, ndiyo maana palimuuma ubavuni. Mtoto alipona. Tunu hakuamka.

Mtaani bado wanamsema Bi Hija. Nawaacha waseme, na roho inanisuta.

Daktari alipomaliza kuandika, kadi ya Tunu nilikabidhiwa mimi, na tangu hapo haikutoka mkobani mwangu. Baada ya maziko nikaifungua. "Leo asubuhi" ilikuwa imekatwa. Juu yake pameandikwa: *Siku tatu. Wifi anajua.* Mwandiko wa Tunu, herufi zimelalia kushoto. Nikaichoma kwenye jiko la mkaa. Nikasubiri mpaka ikawa majivu. Sikumwambia mtu.

Jumatatu tulimpeleka mtoto chanjo, mimi na Farhan. Nesi akachomoa kadi mpya kwenye bunda. Akaifungua.

"Nani kaandika humu?"

Kaka yangu akaichukua, akasoma taratibu. Mtoto begani kwangu akaacha kulia. Farhan akainua macho.

"Farida," akasema kwa sauti ya chini. "Unajua nini?"