Jina Chini ya Kiboksi Cheupe

Haya yalimpata shoga yangu, na mpaka leo akinisimulia huinamisha uso.

Cheti cha kuzaliwa cha binti yake mdogo kilikuwa kimepotea, na uandikishaji wa darasa la kwanza ulikuwa unafungwa jioni ile. Akaamua kutumia cheti cha marehemu kifunguamimba wake, alichokuwa amekihifadhi kwenye simu. Akakipeleka duka la kuchapa.

Mchapaji, mama mpole, alimwachia kiti chake.

"Hii ni PDF, mwanangu, maneno yake hayafutiki kirahisi. Nitaziba jina na tarehe kwa kiboksi cheupe, niandike mapya juu yake. Ya zamani yatabaki chini, ila hayaonekani. Kwani huyu wa kwanza ni nani?"

"Si mtu," shoga yangu akajibu. "Walikosea tu kuandika."

Anasema alijisikia vibaya hata kabla hajafunga mdomo.

Mara mvua ikashuka na umeme ukakatika. Duka zima likawa giza totoro. Kwenye giza lile wakasikia mashine ya kuchapa ikinguruma, ikavuta karatasi taratibu, ikaitema.

"Mama, hiyo ina betri?"

"Haina," mchapaji alinong'ona, akamshika mkono.

Wakamulika kwa simu. Karatasi ilikuwa tupu, isipokuwa jina la kifunguamimba, kwa penseli, herufi zikipanda kombokombo kama alivyokuwa akiliandika kwenye ukuta wa chumba chao. Shoga yangu alipoligusa, penseli ikamwachia weusi kidoleni.