Maharage Sugu ya Mama Pacha

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha jiko, Mama Pacha alipita nyuma ya nyumba kuyajulia hali maharage yake. Siku hizi hali ilikuwa mbaya. Majani yalikuwa ya manjano. Miche ilinywea kama imesusa.

Alimwagilia maji. Manjano ikazidi. Akaongeza samadi. Wapi! Msimu uliopita pia yalikufa hivihivi. Akiyakosa tena, pacha wake watakula nini?

Jioni mumewe, fundi baiskeli, alirudi na pakiti.

"Mbegu za msimu ujao hizi. Muuza duka anasema ni sugu."

Mama Pacha aliishika pakiti kwa ncha za vidole.

"Sugu? Baba Pacha, u mzima kweli? Kuna ugonjwa sugu. Kuna mwizi sugu. Leo unaniletea maharage sugu?"

"Mimi najua minyororo na matairi, mke wangu. Nimeambiwa ni nzuri."

"Nzuri, halafu sugu!"

Pakiti ikatupwa juu ya kabati. Lakini moyo wa Mama Pacha haukutulia. Je, kama ni nzuri kweli? Na kama ndizo zinazoleta ugonjwa? Hakujua ashike lipi, aache lipi.

Kesho yake akapita bibi shamba, yule mtaalamu anayewatembelea wakulima. Mama Pacha akamvuta mkono hadi shambani.

Bibi shamba hakuhangaika na majani. Aling'oa mche mmoja. Mizizi ilikuwa ya kahawia, imeoza.

"Ugonjwa uko chini, mama. Vimelea vyake vinaishi kwenye udongo. Unapanda maharage hapahapa kila msimu?"

"Hapahapa. Ni karibu na jiko."

"Basi unavilisha. Na maji yakituama, vinashangilia."

Kumbe maji yale! Mama Pacha alijionea aibu.

"Sasa nifanyeje? Baba Pacha naye kaleta mbegu sugu!"

Bibi shamba akacheka. "Ugonjwa sugu haukubali dawa. Mbegu sugu haikubali ugonjwa."

"Kwa hiyo haitaugua kabisa?"

Bibi shamba aliomba pakiti, akaisoma.

"Hii inastahimili kuoza mizizi. Lakini haimzuii inzi wa maharage. Bado atakuja kutaga mayai kwenye miche michanga, na funza wake watatoboa shina."

"Jamani, mbona unanichanganya tena?"

"Mbegu haiwezi kupigana na kila adui, mama. Isaidie. Ng'oa haya yaliyougua, uyachome. Hapa panda mahindi kwa misimu kadhaa. Maharage yahamishie kule juu, kwenye matuta, maji yasituame. Panda mvua zikianza tu. Miche ikichipua, ipandishie udongo shinani."

Mvua zilipoanza, Mama Pacha alifanya yote, ingawa kwa wasiwasi. Siku moja akaona miche michache imenyauka. Akang'oa mmoja: mizizi myeupe, imara, ila funza mdogo ndani ya shina. "Kumbe ni wewe!" alisema. Aliing'oa ile iliyonyauka na kuipandishia mingine udongo. Ikasimama, ikachanua, ikazaa.

Chungu kikachemka tena. Pacha walikula mpaka wakalamba sahani.

Mama mkwe alipoyaona maharage yale, macho yalimtoka.

"Mwanangu, nigawie na mimi mbegu hii. Yangu yanakufa tu."

"Nitakupa, mama. Lakini kwanza twende shambani kwako tung'oe mche. Tujue yako yanaumwa nini."