Maji ya Chemchemi ya Moto

Kila alasiri akitoka shule, Mastura alichemsha maji na kuyabadilisha katika chupa kubwa ya chai ya ami yake Saad, mwalimu wa sayansi mjini Malindi. Humo hamkuwa na chai. Mlikuwa na kichupa cha maji ya chemchemi ya moto, iliyo bara huko mbele ya Marafa.

"Humo mna viumbe wadogo wasioonekana kwa macho," ami alimweleza. "Sisi tungebabuka, wao bila joto hawaishi. Wengi watasema ni bakteria. Mimi nasema ni arkebakteria, jamaa nyingine kabisa. Maabara ya Nairobi itaamua."

Ukutani alibandika jedwali la jamaa za viumbe. Chini ya arkebakteria aliandika "wa chemchemi yetu", kwa penseli.

Siku mbili kabla ya maji kupelekwa, jirani akafiwa. Matangani kila nyumba hutoa chupa zake kwa kahawa. Shekha, binti wa jirani mwingine, akaja kuzikusanya.

"Ile kubwa mwaificha?" akauliza. "Ama yenu ni ya wazima tu?"

Mastura akaona haya. Akakitoa kichupa kwa pupa, kizibo kikafyatuka, maji yote yakamwagika. Akampa Shekha chupa, akakijaza kichupa maji ya kisima, wala hakumwambia ami.

Baada ya miezi miwili barua ikaja. Ami aliisoma barazani, akairudia.

"Bakteria wa kawaida," akasema. "Miaka miwili nimeamini ni arkebakteria, Mastura, kumbe nilikosea." Akaingia ndani, akayafuta maneno yale ya penseli. Chakula cha mchana hakukigusa.

Mastura akamfuata. "Ami, hukukosea. Maji ya chemchemi niliyamwaga siku ile nilipotoa chupa ya msibani. Yaliyokwenda Nairobi ni ya kisima."

Saad akaikunja barua. "Ungeniambia siku ile, ningerudi kuchota. Sasa mvua za masika zimeporomosha kilima, chemchemi imefukiwa."

"Na wale viumbe?"

"Wako chini ya udongo. Jamaa yao hatutaijua."

Mastura akalia. Ami akachukua kalamu, akaiandikia maabara kwamba maji yale yalikuwa ya kisima, majibu yafutwe. Kisha akamwita karibu.

"Kumwaga ni ajali, na kutoa chupa msibani ni utu. Kwa hayo sikulaumu. Lakini kosa lililofichwa, mwenzako hujenga juu yake kwa moyo safi, na likimwangusha hajui kwa nini. Mwanangu, ukikosea sema siku hiyo hiyo, hata kama sauti inatetemeka. Kesho yake huenda pasiwe na cha kuokoa."