Darasa la Watu Kimya

Kila jioni binti alimfundisha mama yake Kiingereza jikoni, kwa mazoezi. Mama alikata vitunguu, binti akaeleza bila kupumzika.

"Umenielewa, Mama?"

"Nimeelewa kwamba umesoma kweli kweli!"

Wakacheka.

Binti alikuwa amehitimu mafunzo ya kufundisha Kiingereza, akapata kazi ng'ambo. Alipewa miezi miwili ya majaribio. Wanafunzi wakimkimbia, angerudishwa nyumbani.

Huko alikuta darasa la watu wazima tisa. Kulikuwa na mwokaji mikate, mpiga pasi wa hoteli, fundi bomba na wengine. Hakujua lugha yao, nao hawakujua yake. Alifundisha kwa bidii, akajaza ubao mpaka chaki ikaisha. Wiki ya pili wakabaki watano, kimya kabisa.

Siku moja mkufunzi wa shule, mama mtu mzima, alikaa nyuma akisikiliza. Kipindi kilipokwisha, akamwita, akamuuliza kwa Kiingereza:

"Mwanangu, leo umesema maneno mangapi?"

"Mengi, Mama."

"Na wao?"

Binti akautazama ubao uliojaa maandishi yake.

"Keti. Nikufundishe lugha ya hapa kwetu."

Mkufunzi hakutafsiri kitu. Aliinua kikombe, akakitaja. Akarudia. Akangoja. Binti akajaribu, akakosea, akajaribu tena. Kisha mkufunzi akakificha mgongoni. Binti akajikuta anakiomba kwa lugha ambayo asubuhi hakuijua hata neno moja! Kikombe kikaja mkononi mwake.

"Umeona?" mkufunzi alisema. "Onyesha kwanza. Sema kidogo, halafu nyamaza, waseme wao. Mtu akikosea, usimkatize. Na wape maneno watakayoyahitaji leo hii."

Kesho yake binti aliacha chaki. Alishika kichwa, akakitaja. Akashika sikio. Akakunja uso kama mtu anayeumwa. Mwokaji akasema neno lake la kwanza, kisha akaziba mdomo kwa mshangao.

Alhamisi mwokaji alichelewa. Aliingia na unga mikononi, akasimama mbele ya wote. Akasema kwa Kiingereza, neno moja moja:

"Mwanangu. Sikio. Uma. Siku tatu. Daktari mgeni. Mimi sema. Yeye elewa!"

Akatoa chupa ya dawa mkobani, akaiinua juu.

"Mtoto sasa lala."

Binti alishika ukingo wa meza. Maneno waliyojifunza katika chumba hiki kidogo yalikuwa yametoka mlangoni, yakamfikia daktari, yakampatia mtoto nafuu. Hakuwahi kudhani kazi yake ni kubwa kiasi hicho.

Mpiga pasi akainuka, akagusa goti lake.

"Hii?"

Fundi bomba akagusa bega.

"Hii?"

Wote wakasimama, wakijigusa viwiko, videvu na visigino, wakiuliza kwa pamoja.

Kabla ya mwezi kwisha, wale wanne walioacha masomo walirudi, wakaja na wenzao wawili. Ikabidi benchi liazimwe kutoka chumba cha pili.