Mwanamume Asiye Kwenye Mkataba

Kwanza kilisikika kishindo, kisha mvua ya vioo. Katika duka la kufulia nguo, magharibi mwa jiji la Baltimore, Marekani, watu wakajitupa chini. Tavon aliingia na nondo mkononi, akamkamata Lavonne, mama wa binti yake, kwa nywele zake za kusuka.

Mteja mmoja asiyewajua, Cortez, alikuwa anakunja shati. Akanyanyua galoni la sabuni, akamshushia Tavon la taya. Meno yakaruka. Tavon akatoka akitambaa.

"Umemwaga sabuni yangu," Lavonne alisema, gauni lake la njano limechanika begani.

"Nitakununulia nyingine, mrembo. Niletee wapi?"

"Ona huyu! Damu haijakauka, ameshaanza!"

Simu zikafuata, kila jioni.

"Umelala, kipenzi?"

"Nitalalaje na wewe unanikoromea sikioni?"

Lavonne alikuwa amehamia kitongoji tulivu kwa vocha ya nyumba. Serikali ilimlipia sehemu kubwa ya kodi, na binti yake Nyla akapata shule yenye maabara na walimu wasiohama. Sharti lilikuwa moja kali: mwanamume asiye kwenye mkataba wa kupanga asiishi pale. Hata hivyo, Cortez akazoea kulala pale.

Jumamosi moja asubuhi Tavon aliwagundua, akauvunja mlango kwa mateke. Kisu chake kilimchana Cortez mkono. Cortez akamgonga kichwa kwenye jiko mpaka akalegea. Ving'ora viliposikika, Cortez akakwapua viatu vyake, akaruka dirisha la nyuma peku. Polisi walimkuta Lavonne peke yake, amesimama kwenye damu. Tavon wakambeba.

Wiki nzima Lavonne hakupokea simu za Cortez. Alipomkuta kituo cha basi, alimzaba kofi.

"Mwoga! Umekimbia polisi!"

"Nimekimbia mkataba wako! Wangenikuta na viatu vyangu chini ya kitanda, vocha imekwenda. Nyla anarudi kule wanakosomea chini ya madawati, wakikwepa risasi. Ndiyo unataka?"

Lavonne akaushika ule mkono wenye bandeji. "Ungeninong'oneza hata neno moja. Nilidhani umenitupa."

"Nilikuwa na dirisha, mpenzi. Sikuwa na muda wa hotuba."

Akacheka huku analia. "Niliomba watu wa vocha wakuandike kwenye mkataba. Wamekataa. Sababu, ile kesi yako ya zamani ya kupigana."

Basi likaja, likaondoka. Cortez akamvuta kifuani, akapaza sauti kituo kizima kisikie:

"Nyla amebakiza miaka mitatu ya shule, baada ya hapo vocha hatuihitaji. Sitalala kwako tena hata usiku mmoja, Lavonne. Siku atakayovaa joho la kuhitimu, siku hiyohiyo nakuoa!"