Riali Nne Kwenye Sahani ya Bati

"Sato, jibu! Sangara anaruka saa nne kamili. Over."

Redio ya Motorola ilining'inia msumarini, hatua mbili kutoka puani mwa Ndalahwa, ambaye jina lake la kazi lilikuwa Sato.

Hakuweza kuishika.

Mpelelezi aliyewahi kuogelea kutoka Ukerewe hadi Mwanza na bastola mdomoni alikuwa amefungwa kwa kamba za nyavu, kwenye chumba cha barafu cha kiwanda cha minofu, Nyakato. Bastola yake, Browning, ilikuwa kiunoni mwa Rwehumbiza, tapeli wa suti nyeusi, aliyesimama mlangoni.

"Vumilia, afande. Hata samaki huzoea."

Sangara ilikuwa ndege ya mizigo. Mwaka ule wa 1994 ndege za minofu zilipaa na mengi yasiyo minofu. Leo ingebeba riali nne za dhahabu za Sultani Barghash, za 1882, zilizoibwa Misungwi kwa mtemi wa zamani. Mlinzi wa mtemi, mzee Malimi, alikuwa mahabusu kwa wizi asioufanya.

Zikipaa, mzee ataozea huko.

"Sato, gari la msaada limeishiwa petroli Usagara. Jitegemee. Over."

Ndalahwa akang'ata kamba. Jino likalegea.

Saa tatu na nusu. Keller, mkusanya sarafu kutoka Ulaya, akaingia na glavu nyeupe na lenzi.

"Bernadeta!" Rwehumbiza aliita. "Lete vile vitu vya mgeni nilivyokupa utunze!"

Mpishi wa kiwanda akaja na sahani ya bati. Akafunua kitambaa.

Riali ziling'aa kama taa za Land Cruiser.

Keller akainamia lenzi. Akawa mwekundu.

"Nani amezisugua?"

"Mimi, baba. Kwa jivu, ndimu na stiluwaya. Mgeni nitampaje kitu kina uchafu wa miaka mia?"

"Mikwaruzo mitupu! Hakuna mkusanyaji atakayezigusa!"

Akavua glavu, akaondoka.

"Bwana Keller! Nakupa kwa nusu bei!" Rwehumbiza akatimua mbio kwa miguu nyuma ya gari la Keller, sahani kaisahau.

Bernadeta akachukua kisu cha samaki, akakata kamba.

"Na wewe mwanangu, unafanya nini kwenye barafu?"

"Niko kazini, mama."

Ndalahwa akashika redio. "Hapa Sato. Sangara atapaa bila riali. Rwehumbiza anakimbilia uwanja wa ndege, mkamateni Pasiansi. Ana bastola yangu. Over."

"Gari letu halina petroli, Sato."

"Hata kwa miguu mtampata, naye hana gari. Na mzee Malimi apewe viatu vyake, anarudi nyumbani."

Akazifunga riali kwenye leso, akavaa Ray-Ban, akatoka taratibu. Magoti yalikuwa yameganda, hayakunjiki.

Wafanyakazi wakadhani ni maringo.