Kipimo Kilichosuguliwa kwa Mchanga

Jumanne, tarehe 12 Mei 1959, saa mbili asubuhi, watu watatu walishuka shimo la dhahabu kaskazini mwa Mbeya wakafa kwa kukosa hewa. Asukile, msoma kipimo cha hewa, ndiye aliyewaambia hewa safi. Mmoja wao, Andendekisye, alikuwa kaka yake, na wiki moja kabla walikuwa wamegombania shamba. Ilipofika saa tano Asukile yuko mahabusu, na watu wanasema atanyongwa.

Sajini Selemani, mtoto wa sonara wa Iringa, alimkuta amekaa sakafuni.

"Sindano ilisemaje?"

"Ililala, afande. Ikilala, hewa safi. Ikipanda, hewa imepungua."

"Na ile taa ya kushusha kwa kamba, inayozimika hewa ikipungua?"

"Nyapara aliipiga marufuku. Kipimo kimekuja, taa ni ushamba."

Saa nane Selemani alifika mgodini. Mlango wa stoo uling'aa rangi mpya ya fedha. Nyapara Anania alifungua stoo kwa ufunguo wake, kisha akamfungulia kipimo. Ndani mlikuwa na bomba la udongo mweupe, kubwa kama kidole, linalopashwa moto kwa umeme. Bomba hilo hupakwa platini, madini ya kijivu, ndani na nje, na nyaya mbili hupeleka habari kwenye sindano.

Selemani alisubiri likolee moto, akaliingiza kwenye debe la mkaa unaofuka. Sindano haikutikisika.

"Mzungu alituletea kibovu," Anania alisema.

Bomba lilipopoa, Selemani alilikwaruza kwa ukucha. Kukadondoka magamba meusi.

"Platini haiungui, hata kwenye moto wa baba yangu. Hii ni rangi ya mlango wako iliyoungua, na bila platini sindano hulala tu. Ufunguo wa stoo anao nani mwingine?"

Anania alikaa juu ya debe tupu.

"Hakuna. Wakubwa walikuwa wanakuja kukagua. Bomba lilikuwa la kijivu, nikaona chafu. Nikalisugua kwa mchanga kama sufuria, ile kijivu ikatoka yote. Nikaogopa kufukuzwa, nikapaka rangi, vijiko viwili tu."

"Lini?"

"Wiki tatu sasa."

"Wiki tatu sindano imelala tu, hukushtuka?"

"Nilifurahi, afande. Zamani ilipandapanda, nikaona kimepona."

"Ungerudisha taa tu, mzee. Taa tu."



Jioni Selemani alifungua mlango wa mahabusu. Asukile hakuinuka.

"Si wewe," Selemani alisema.

"Kaka aliniuliza, nishuke? Nikamwambia shuka."

Watu watatu. Wajane wawili. Sekela, mchumba wa Andendekisye, aliyebakiza siku kumi na nne aolewe. Watoto saba. Rangi, vijiko viwili.